Kabla ya Kugawa Shamba, Mwaga Maji Ardhini

Anayetafuta ploti Lumakanda ana maswali yake ya kawaida. Hatimiliki ipo? Jina lililo ndani ni la muuzaji mwenyewe au la marehemu baba yake? Barabara inafika, na nguzo ya stima iko umbali gani? Aliye mwangalifu zaidi atakwenda ofisi ya ardhi kupekua rejista, kisha ataita mpimaji amwoneshe mawe ya mipaka. Swali moja halimo katika orodha hiyo, na ndilo litakaloamua kama ploti inakalika: udongo huu utameza maji ya choo na ya bafu ya watu watakaoishi juu yake?

Swali hilo huzaa lingine ambalo Kenya bado hatujalizoea. Ikiwa udongo haumezi, ploti hiyo haina thamani ya ploti. Ni kipande cha malisho au shamba la nduma. Je, mwenye nayo atozwe na kaunti sawa na jirani yake aliye kwenye ardhi nzuri ya mwinuko? Mimi nasema hapana. Lakini nasema pia kwamba nafuu hiyo ya kodi itakuwa na maana pale tu kipimo cha udongo kitakapotangulia mgawanyo wa shamba, na kikaandikwa mahali ambapo mnunuzi yeyote anaweza kukisoma. Bila hivyo tutakuwa tunamsamehe mtu shilingi mia chache na kumwachia jirani yake kisima chenye kinyesi.

Lumakanda ni makao ya kaunti ndogo ya Lugari, kaskazini mwa Kaunti ya Kakamega, si mbali na barabara kuu ya Eldoret na Webuye. Ni nchi ya mahindi. Ardhi ya Lugari ilikuwa ya walowezi wa Kizungu, na baada ya Uhuru ikagawiwa wananchi katika miradi ya makazi iliyotokana na ule Mpango wa Ekari Milioni ulioanza 1962. Waliopewa walikopeshwa na Wadhamini wa Mfuko wa Makazi, na kupata hatimiliki kulitegemea kumaliza deni. Jambo la kukumbuka ni hili: vipande vile vilikatwa kwa hesabu ya kilimo. Kila shamba lilikuwa na sehemu ya mwinuko ya kujenga, sehemu ya kulima, na mara nyingi ncha iliyoshuka hadi kijitoni. Choo cha shimo kilichimbwa nyuma ya boma, kisima kikachimbwa upande mwingine, na nafasi katikati ilitosha bila mtu kuipima.

Wajukuu wa wale waliogawiwa ardhi hiyo wanagawana sasa. Shamba linapita kwa wana, kisha kwa wana wa wana, na anayehitaji karo au pesa za hospitali hukata ukanda wa kando ya barabara na kuuza ploti za futi 50 kwa 100. Mkato wa namna hii hautazami mteremko. Ncha ile ya chini iliyokuwa ya ng'ombe inapata namba yake, jiwe lake na bei yake, karibu sawa na ile ya juu.

Tuipime ploti hiyo kwa mita. Futi 50 kwa 100 ni mita 15.2 kwa 30.5, yaani mita za mraba 464 na kidogo. Mwongozo wa kimataifa wa huduma za dharura uitwao Sphere unataka choo kiwe mita 30 au zaidi kutoka kwenye chanzo cha maji ya ardhini, na kitako cha shimo kiwe juu ya usawa wa maji hayo kwa mita moja na nusu. Ukitoka kona moja ya ploti hadi kona ya mkabala ni mita 34. Kwa hiyo familia yenye nidhamu kubwa inaweza kuweka kisima kona hii na choo kona ile, na sheria ya mita 30 ikatimia kwa shida. Sasa mfikirie jirani. Duara la mita 30 kuzunguka kisima kimoja lina ukubwa wa mita za mraba 2,827, sawa na ploti sita. Hapana namna ploti sita zilizopakana zikawa na kisima kimoja salama isipokuwa wenye ploti nyingine wakubaliane kutochimba vyoo. Hakuna anayewaeleza hivyo siku ya kununua.

Si hofu ya vitabuni. Katika mitaa ya Manyatta na Migosi mjini Kisumu, watafiti waliolinganisha visima na vyoo vya shimo, katika kazi iliyochapishwa 2013, walikuta kwamba wingi wa vyoo ndani ya mita 100 ulikwenda sambamba na wingi wa naitreti katika maji ya visima. Lumakanda haijabanana kama Manyatta. Hiyo ndiyo sababu ya kulizungumza leo, wakati mistari bado inachorwa.

Kipimo chenyewe hakihitaji maabara. Kilianzia jimbo la New York katika miaka ya 1920, kwa mhandisi Henry Ryon aliyetaka kujua ni kwa kasi gani ardhi ya shamba inakunywa maji ya tangi la septiki. Kanuni za ujenzi za Uingereza, ambazo ndizo mama wa nyingi za kwetu, zinaeleza utaratibu ambao afisa wa afya na vibarua wawili wanaweza kuufuata bila taabu. Chimba shimo la milimita 300 kwa 300, likishuka milimita 300 chini ya usawa utakaolazwa bomba la kutawanya maji. Lijaze maji hadi kimo hicho cha milimita 300, uyaache yanywewe usiku kucha ili udongo ushibe. Kesho yake jaza tena, halafu pima kwa saa muda ambao maji yanachukua kushuka kutoka robo tatu hadi robo ya shimo. Gawanya sekunde hizo kwa 150, maana maji yameshuka milimita 150. Rudia mara tatu, na katika mashimo yasiyopungua mawili. Kila ujazo ni lita 27. Kwa kazi nzima, mitungi kumi na mmoja ya lita ishirini inatosha.

Jibu likiwa kati ya 12 na 100, ardhi inafaa. Chini ya 12, maji yanapita upesi mno. Yanafika kwenye maji ya kisima kabla udongo haujapata nafasi ya kuyasafisha. Zaidi ya 100, ardhi haimezi, na kilichozikwa kitarudi juu. Pamoja na hayo huchimbwa shimo refu la uchunguzi, la mita mbili au zaidi, kuona kama maji ya ardhini yanakaribia. Kwetu shimo hili la pili lina uzito zaidi kuliko la kwanza. Udongo mwekundu wa mwinuko unaweza kuonekana mzuri kwa mita moja, kisha jembe likagonga murram iliyoshikana, na juu ya murram ile maji ya mvua yakatuama kwa miezi. Kule chini kwenye bonde, udongo wa kijivu unaonata hauhitaji hata saa; majani yanayoota juu yake yameshatoa jibu.

Majira nayo yana neno. Lugari hupata mvua ya zaidi ya milimita elfu moja kwa mwaka, na kuanzia Machi au Aprili ardhi hulowa kwa muda mrefu. Atakayepima Februari, udongo ukiwa umepasuka kwa jua, atapata namba ya kufurahisha. Maji yatakimbilia kwenye nyufa na ripoti itasema ardhi ni nzuri. Agosti, tangi litafurika. Kaunti ikiweka sharti la kipimo na ikasahau kutaja majira, imeweka karatasi tu.

Sasa tuiangalie namba ikifanya kazi. Kanuni hizohizo za Uingereza zinakadiria eneo la mitaro ya kunyonyea kwa kuzidisha idadi ya watu kwa namba ya kipimo, kisha kwa robo. Familia ya watu sita kwenye udongo wa namba 40 inahitaji mita za mraba 60 za sakafu ya mtaro. Kwa mtaro wa upana wa sentimita 60, huo ni urefu wa mita 100, ambao utaingia katika ploti ya 50 kwa 100 ikiwa nyumba ni ndogo na mwenyewe hana nia ya kujenga nyingine. Udongo ukiwa wa namba 80, mtaro unakuwa mita 200. Na tusijidanganye kuhusu ploti nyingi zinanunuliwa kwa nia gani. Mnunuzi anataka vyumba vya kupangisha. Vyumba kumi, watu watatu kila chumba, ni watu thelathini; kwenye udongo uleule wa namba 40 wanahitaji mita za mraba 300, yaani karibu theluthi mbili za ploti yote. Vyumba vyenyewe vikae wapi?

Atasema mtu kwamba hesabu ya Mwingereza ni ya nyumba yenye bomba la moto na baridi, na mpangaji wa Lumakanda anayechota maji kwa mtungi hatumii maji mengi hivyo. Ni kweli, na kipimo chetu kinapaswa kuzingatia hilo. Kwa choo cha shimo kisichotumia maji, jambo la kwanza la kuangalia ni kina cha maji ya ardhini, si kasi ya kunyonya. Lakini kila anayejenga leo anakusudia choo cha kuvuta maji kesho. Bomba likifika, matumizi hupanda ndani ya wiki moja, na udongo unabaki uleule. Katika sensa ya 2019, kaya zilizounganishwa na bomba kuu la majitaka Kenya nzima zilikuwa chini ya moja kati ya kumi. Miji ya kiasi cha Lumakanda haiko mbele katika foleni hiyo. Kwa kizazi hiki, mtambo wa kusafisha majitaka wa Lumakanda ni udongo wa Lumakanda.

Tuje kwenye kodi, ambako watu wengi huchanganya mambo mawili. Renti ya ardhi hulipwa serikali kuu na wenye ardhi ya kukodi kwa miaka maalumu. Reti hulipwa kaunti, kwa mamlaka ya Kifungu cha 209 cha Katiba ya 2010. Katika kaunti nyingi reti hudaiwa viwanja vya mijini na vya sokoni. Shamba la kilimo la umiliki wa kudumu kwa kawaida halidaiwi. Maana yake ni kwamba familia nyingi za Lugari hazina reti ya kupunguziwa leo. Zitakuwa nayo pindi soko litakapotanuka na kuyameza mashamba, na hapo ndipo namna ya kutoza itakapoleta tofauti kubwa.

Sheria ya zamani ya reti, Sura ya 267, na ile ya uthamini, Sura ya 266, ziliruhusu njia kadhaa. Moja ni kutoza kwa eneo: ukubwa ule, ada ile. Nyingine ni kutoza kwa thamani ya kiwanja kitupu, bila kuhesabu jengo lililo juu yake. Sheria ya Taifa ya Reti, ambayo Rais aliitia saini Desemba 2024, imekuja kuchukua nafasi ya sheria hizo za zamani ili kaunti zote zifuate mfumo mmoja, na njia hizo za msingi zimebaki. Kaunti yenye wathamini wachache hupenda kutoza kwa eneo kwa sababu ni rahisi: unahitaji ramani na kikokotoo. Lakini njia hiyo ni kipofu. Ploti ya bondeni iliyojaa maji na ploti ya mwinuko hulipa sawasawa, na ripoti yoyote ya udongo haibadilishi kitu.

Kwa njia ya thamani, mambo ni tofauti. Thamani, kwa sheria ya uthamini tuliyoizoea, ni kile ambacho ardhi ingetarajiwa kuuzwa kwa masharti ya kawaida. Mnunuzi aliyepewa ripoti inayosema udongo haumezi hatatoa bei ya ploti ya kujenga. Basi ripoti ni ushahidi wa thamani, na mwenye ardhi ana haki ya kuipeleka anapopinga daftari la thamani. Huku si kuomba huruma. Ni kuomba hesabu isahihishwe. Kwa kaunti inayotoza kwa eneo, njia iliyobaki ni msamaha, na hapo Katiba ina masharti makali: Kifungu cha 210 kinasema kodi haiwezi kusamehewa ila kwa sheria, na kila msamaha uwekwe katika kumbukumbu ya umma pamoja na sababu yake, kisha Mkaguzi Mkuu wa Hesabu aarifiwe. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inarudia jambo hilo kwa kaunti. Kwa hiyo hakuna afisa anayeweza kukuandikia barua ya nafuu kwa sababu anakufahamu, na tusiitake njia hiyo.

Wamarekani wameishi na jambo hili kwa muda mrefu. Katika majimbo kadhaa, kiwanja kilichofeli kipimo cha kunyonya hukadiriwa kuwa hakijengeki, na mwenyewe hupeleka ripoti kwa mthamini wa kodi ili thamani ishushwe. Massachusetts imekwenda upande wa pili. Tangu 1995, kanuni yao iitwayo Title 5 inataka mfumo wa majitaka ukaguliwe nyumba inapouzwa, na anayelazimika kutengeneza ulioharibika katika nyumba anayoishi hupunguziwa kodi ya mapato. Mwaka 2023 kiwango cha juu kilipandishwa kutoka dola 6,000 hadi 18,000, kwa kisichozidi dola 4,000 kwa mwaka. Wa kwanza wanamfariji mwenye ardhi mbaya. Wa pili wanamsaidia anayerekebisha uchafu. Kwa maoni yangu, wa pili wamelenga vizuri zaidi, kwa kuwa shilingi ya umma inaondoka na ugonjwa unaondoka pamoja nayo.

Lakini tusikopi bila kupiga hesabu. Nairobi, baada ya kutegemea daftari la tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa takriban miongo minne, ilihamia kwenye asilimia 0.115 ya thamani ya ardhi tupu. Tuseme Lumakanda ingetumia kiwango hicho. Ploti ya shilingi milioni moja ingelipa shilingi 1,150 kwa mwaka. Ripoti ya udongo ikishusha thamani kwa nusu, mwenyewe anaokoa shilingi 575. Vibarua, maji, usafiri wa afisa na ada ya ripoti vitakula akiba ya miaka kadhaa. Hakuna atakayepima udongo kwa ajili ya reti peke yake. Wanaodhani nafuu ya kodi ndiyo itawavuta watu kwenye kipimo hawajaketi na kalamu.

Kuna hatari nyingine inayonisumbua zaidi. Mwenye ploti anayetafuta nafuu anataka udongo wake ufeli. Mwezi ujao, akipata mnunuzi, anataka ufaulu. Kipimo kinategemea alipochimbwa shimo, mwezi gani, na kama maji yaliachwa kulala. Mtu mwenye nia mbaya anaweza kupata ripoti mbili kutoka kwenye ardhi moja, moja ya kaunti na moja ya soko. Dawa ni kuzifunga ripoti hizo ziwe moja. Ardhi iliyopunguziwa reti kwa sababu haimezi maji iandikwe hivyo katika kumbukumbu za mipango za kaunti, na isipewe kibali cha kujenga choo cha maji mpaka ipimwe upya na afisa mwingine au ifungiwe mfumo unaokubalika. Anayetaka kupunguziwa akubali kufungwa na maneno yake.

Kinachoweza kulazimisha kipimo ni idhini ya kugawa. Ardhi ya kilimo haigawanywi wala haiuzwi bila idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi, chini ya Sura ya 302 ya 1967. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019 inautaka pia mgawanyo upate kibali cha kaunti. Mlango upo tayari, na familia inapita hapo kwa lazima. Hapo ndipo pa kuuliza: mmepima? Kipimo cha shamba zima kabla ya kukatwa ni nafuu kwa kila ploti, maana mashimo machache yaliyochimbwa kwa akili, moja juu, moja katikati, moja chini, yanaonesha shamba linabadilika wapi. Mpimaji akishajua, anaweza kuchora ploti kubwa pale udongo unapomeza polepole, ndogo pale unapomeza vizuri, na ukanda wa kijito akauacha mzima kuwa malisho au miti ya familia. Ukanda huo ndio unaostahili nafuu ya reti mji ukifika. Kaunti ikiusamehe, inanunua usafi wa maji yanayokwenda mito ya Kipkarren na Nzoia kwa bei ndogo sana.

Swali la nani alipe halikwepeki. Mjane anayekata ploti moja ili alipe karo hawezi kuongezewa mzigo. Maafisa wa afya ya umma wapo, na Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, imewapa kazi ya kuzuia kero zinazotokana na mashimo na majitaka. Kaunti ikiwapa usafiri na fomu moja, kipimo kinaweza kuwa huduma inayolipiwa kiasi kidogo pamoja na ada ya mgawanyo. Anayegawa shamba zima kwa biashara alipe gharama kamili. Faida anaipata yeye. Na kuhusu matangi ya kisasa yanayouzwa kwa ahadi kwamba hayajai, mnunuzi ajue kwamba hata tangi bora hutoa maji, na maji hayo lazima yaende mahali.

Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya viwango vya kuridhisha vya usafi, na Jedwali la Nne linaweka huduma za maji na usafi mikononi mwa kaunti. Kwa hiyo ombi langu ni kwa Bunge la Kaunti ya Kakamega, na hasa kwa wawakilishi wa wadi sita za Lugari: wekeni kipimo cha udongo, kinachofanywa msimu wa mvua, kuwa sharti la kibali cha kugawa ardhi ya makazi mahali pasipo na bomba la majitaka; tengenezeni rejista yake iwe wazi kwa umma; na mnapotunga kanuni za reti, chagueni thamani badala ya eneo, ili ripoti hiyo iweze kumfaa mwenye ardhi. Nawe unayejiandaa kulipa arubuni, usingoje bunge. Nenda kwenye ploti mwezi wa Mei na jembe na mitungi ya maji, chimba, mwaga, lala, rudi asubuhi upime. Muuzaji akikukatalia kuchimba, rudi nyumbani na pesa zako.